Ussi na Chungu cha Kisimani

Ukitaka kumjua Ussi, mtazame mikono. Katika mfuko wa kanzu yake nyeupe mna kopo dogo la Vaselini, na kila baada ya nusu saa hulitoa, akachovya kidole, akajisugua viganja mpaka ving'ae. Jeddah ni mji wa bahari. Mwezi wa nane unyevu wake humlowesha mtu aliyesimama tu kivulini. Lakini viganja vya Ussi hukauka na kupasuka mwaka mzima, na madaktari wa ngozi wamemshindwa. Mimi nilikuja kujua anachoumwa, nami nikakaa kimya muda mrefu, kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa malaika.

Naitwa Metrine, mtu wa Kimilili. Nilifika kwa Ussi, mtaa wa Al-Safa, miaka minne iliyopita, kumtunza mama yake. Wakala wa Nairobi alinipa hongera. "Kafili wako, yaani mwajiri wako kule, ni Mswahili, my dear, hutakuwa na shida ya lugha." Siku ya kwanza nikamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, baba." Alinitazama kana kwamba nimemmwagia maji machafu.

"Arabi," akasema. "Kwenye nyumba hii Arabi tu. Kiswahili mafi, hakuna." Akageuka, akajipaka mafuta.

Basi huyu asiyetaka Kiswahili alizaliwa Unguja. Mwaka sitini na nne, akiwa na miaka saba, wazazi wake walimchukua wakakimbia, wakaishia Jeddah, wakapanga nyumba ya mawe ya matumbawe katika mji wa kale. Hakuna aibu katika hilo. Waliokimbia walikuwa wengi na walikuwa na sababu zao, na wengi wao wanakaa hapa hapa Jeddah, wanapika wali wa nazi na kucheka kwa Kiswahili bila kumwogopa mtu. Aibu ni ya Ussi peke yake, kajitengenezea mwenyewe. Kwa wageni husema ukoo wake uko Jeddah tangu babu wa babu. Ukimbana, hukiri Hadhramauti. Ukimbana zaidi, hukumbuka kwamba ana miadi mahali.

Anayemharibia ni mama yake. Bi Wahida anakaribia miaka tisini, macho yake ni mazima kuliko yangu, masikio ndiyo yaliyotangulia. Kwa kuwa hasikii, hupiga kelele, na hupiga kelele kwa Kiswahili cha Unguja, madirisha yakiwa wazi. Ussi hukimbia kuyafunga moja baada ya jingine, na Bibi humwuliza kwa sauti ya kusikika msikitini kama anataka kumpika humo ndani.

Sikumaliza wiki bila kusikia habari za chungu chake.

"Mama yangu kakifinyanga kwa mikono yake, kule Pemba," aliniambia. "Melini n'mekipakata njia nzima, n'mekifunga kwa kanga. Wenzangu wamebeba dhahabu, mie n'mebeba chungu. Ukipika mchuzi wa papa humo, mwanangu, jirani hakai kwao."

"Na kiko wapi saa hii, Bibi?" nilimpigia kelele sikioni.

"Kimeibiwa! N'mekwenda Umra, n'narudi, hakipo. Ussi kaniambia kachukua Letay, yule Mhabeshi alokuwa akitufulia. Analia, anaapa, mie simsikilizi. N'kamfukuza siku ile ile."

Hayo yalitokea Ussi akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, wiki chache kabla hajaoa katika familia kubwa ya Kihijazi. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya chakula, Bibi huinua mikono. Huwaombea wazazi wake, humwombea mumewe, huwaombea waliobaki Unguja. Mwisho husema, "Na alokichukua chungu changu, ewe Mola, mikono yake ikauke." Na Ussi, ameketi kando yake juu ya mkeka, huitikia, "Amin."

Nilipomsikia akiitikia mara ya kwanza nikadhani, angalau ni mtoto mwema kwa mama yake. Nilikuwa mgeni.

Bibi hakuwa na matakwa mengi. Hakutaka kurudi Unguja; alisema aliowajua wote wako chini ya ardhi, atawakuta huko huko. Alitaka bakuli moja la mchuzi wa papa, uliopikwa katika kile chungu. "N'kila hilo, basi," alisema. "Nizikeni hata kesho." Alilisema kila siku, nikimpa supu ya sufuria ya alumini, naye akiitazama supu ile kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

Sasa niwaeleze wale wachimbaji.

Nyumba ya zamani ya akina Ussi ilikuwa imekwisha anguka, pamoja na ya jirani. Mwaka juzi ukaja mradi wa kuchimbua yaliyo chini yake, kutafuta Jeddah ya kale. Mkuu wao alikuwa Daktari Ziyad, mtu wa Riyadh, mwenye kofia pana na suruali ya mifuko kumi na minne, niliihesabu. Sijawahi kuona watu wazima wenye shahada wakicheza mchanga kwa bidii namna ile. Wanapiga mraba kwa kamba, wanalala kifudifudi, wanafagia udongo kwa brashi ya kupakia rangi, kisha wanaumwaga kwenye chekeche kuangalia kama wamesahau kitu. Mama yangu huchimba shamba zima la viazi kabla hawa hawajamaliza kupiga picha shimo moja.

Daktari Ziyad alikuwa na ugonjwa wake, nao ni Warumi. Vigae vya karne za kati alikuwa navyo kwa ndoo: vya China, vya Misri, vya Yemeni. Havikumtosha. Alitaka Mrumi mmoja, hata nusu yake. Kila kipande cha kioo kikitoka, alikishika juani akauliza kwa sauti ya chini, "Rumani?" Kikioshwa kinakuwa chupa ya soda. Anakaa siku mbili bila kusema na mtu, halafu anaanza tena.

Mahali pa watu kama hao, mtu kama Ussi hawezi kukosa kazi. Alifika siku ya pili, amenyoosha kanzu, akajitambulisha kuwa mtoto wa mtaa tangu babu wa babu. Daktari Ziyad karibu ambusu. Akamfanya shahidi wa mtaa. Kazi yake ikawa kukaa kwenye kiti chini ya turubai, kunywa kahawa, na kusema uongo huku msaidizi wa Daktari, binti aitwaye Hala, akiandika. Hapa palikuwa na soko la manukato. Hapa babu yangu alisikia kwa babu yake kwamba walilala askari wa Rumi. Binti wa watu anaandika yote, na tarehe.

Kisha wakahitaji mtu wa kuosha vigae, na Ussi akaniazimisha kwao kama mtu anavyoazimisha ngazi. Asubuhi mke wake alikaa na Bibi, mimi nikapelekwa mji wa kale. Nilipewa beseni, mswaki na kiti kifupi. Hala alinionyesha mara moja: maji tu, taratibu, usisugue. Nikasema yes madam. Lakini mimi nimelelewa na mama anayepima mwanamke kwa matako ya sufuria. Kwetu sufuria yenye masizi nje inatangaza tabia yako kwa wageni, na hata ukiwa na njaa unaisugua kwa majivu mpaka ujione usoni. Mkono uliofundishwa hivyo hausikii maneno ya binti wa chuo.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili walifika chini ya kisima kilichokuwa kimefukiwa uani. Nilisikia kelele, nikadhani Mrumi amepatikana. Hakuwa Mrumi. Kilikuwa chungu kizima, cheusi tii, tumbo pana, shingo fupi, na chini ya shingo mistari midogo iliyochorwa kwa ukingo wa gamba. Kizima! Daktari Ziyad aliruka. Wafanyakazi walipiga makofi. Mtu mmoja tu hakusema kitu. Ussi, ambaye hata kikitoka kizibo cha chupa huwa na hadithi ya babu yake, alikuwa amesimama ukingoni amefumba mdomo.

Wakaingia kwenye hema kupigiana simu na Riyadh, chungu wakakiweka karibu na beseni langu kikisubiri sanduku. Kilikuwa kichafu. Masizi yalikuwa yameganda kama ngozi. Nilikuwa na waya wangu wa kusugulia, niliouleta nyumbani kwa siri, na sabuni kidogo. Nikaona niwafanyie wema. Robo saa tu, chungu kikatoka chekundu, kisafi, mtu angekila.

Hala alipotoka hemani alipiga ukelele.

"Umefanya nini? Masizi! Tulikuwa tuyapeleke maabara! Kwa masizi ndiyo tungejua umri wake!"

"Si ni chafu, madam?" nikasema. "You said wash."

Aliketi chini palepale kwenye udongo, ameshika kichwa. Daktari Ziyad alikuja, akatazama, akapumua, akasema basi, watahesabu kwa vigae vilivyokuwa pamoja nacho kwenye kisima. Vigae hivyo vilikuwa vya karne ya sita Hijria. Akamgeukia shahidi wake. "Ya ami Ussi, kisima hiki kilifukiwa lini?"

Ussi akakiangalia kisima. "Kabla ya Waturuki," akasema. "Babu yangu alinihadithia."

Hala akaandika.

Mchana ule nilikuwa peke yangu nikikausha vigae, nikaona kivuli kando ya beseni. Ussi alichuchumaa, akatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikasikia sauti yake kwa Kiswahili. Ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililonikera zaidi. Kiswahili cha Unguja kisicho na doa, cha mtoto wa miaka saba.

"Usende ukamwambia mama," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliacha vigae.

"Ni chako, baba? Ni kile chungu cha Bibi?"

"Watu walikuwa waje kuona nyumba. Wakwe zangu. Chungu cheusi kile, kinanuka papa, kiko pale jikoni kama kibao cha kutangaza tulikotoka. Mama alikuwa Makka. Kisima kilikuwa kimeshakauka." Alijisugua viganja. "N'likishusha kwa kamba, Metrine. Sikukivunja. Kisha n'kajaza udongo wa kwa jirani, na vigae vyake, pale nyumba ilipoanguka."

Alilisema la kamba kana kwamba anangoja nimpe zawadi. Mtu muungwana angekiacha jikoni. Mtu mbaya angekipasua akatupa vipande. Huyu hakuweza hata ubaya kuumaliza.

"Na Letay?" nikauliza.

"Letay alishaondoka."

"Bibi alimfukuza. Kwa maneno yako."

Akasimama. Kiswahili kikaisha. Alitoa simu akaiinua mbele ya uso wangu, na hakuhitaji kueleza. Ruhusa yangu ya kutoka na kurudi iko ndani ya simu ile. Ni yeye wa kubonyeza. Mwanangu Fidel nilimwacha darasa la tatu, sasa yuko la saba, na nilikuwa nimeahidiwa mwezi wa nne niende nimwone. "Ukisema neno nyumbani," akasema kwa Kiarabu, "Kenya utaiona ndotoni. Halas."

Nikarudi Al-Safa na siri yangu. Bibi alikuwa ameshaamka, akaniuliza leo wamechimbua nini. Nikamwambia vigae tu. Nikampa supu ya sufuria. Nilimdharau Ussi usiku na mchana wiki ile, na dharau ni kitu kitamu, inakufanya usahau kwamba na wewe umefunga mdomo.

Sasa sikilizeni jinsi uongo unavyomfuata mwenyewe. Daktari Ziyad alikuwa na ushahidi: chungu cha kupikia cha pwani ya Afrika Mashariki, kizima, kimekuja Jeddah zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Akawasahau Warumi kwa furaha. Ikapangwa maonyesho Riyadh, katika ukumbi wa hoteli moja ya Olaya, mwishoni mwa mwezi wa tatu, na Daktari akapata fikra ya kumwalika mkazi mkongwe kuliko wote wa nyumba ile aketi mstari wa mbele. Mama yake Ussi.

Ussi akasema mama ni mgonjwa. Daktari akasema kutakuwa na muuguzi. Ussi akasema hasikii. Daktari akasema si lazima asikie. Ussi akasema haoni, na hapo Bibi, ambaye Daktari na Hala walikuwa wamekuja kumwalika wenyewe nyumbani, akamwonyesha Hala kwa kidole kwamba kifungo cha koti lake kimefunguka. Nilipomweleza Bibi sikioni kwamba atapanda ndege, alinitaka nimtolee kanga mpya.

Tulipofika Riyadh nilitumaini tutapita mtaa wa Batha, nimwone mwenzangu Truphena niliyesafiri naye kutoka Kenya. Haikuwa hivyo. Tulitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Olaya, kwenye hoteli yenye sakafu unayoogopa kuikanyaga. Wafagizi wa Kikenya waliokuwa ukumbini waliniona nikisukuma kiti cha magurudumu, wakanikonyeza. Wakubwa walikuwa na kahawa na tende, wakizunguka vigae nilivyoviosha kwa mikono yangu, wakivisifu kama watoto wachanga. Ussi alishika kiti cha mama yake mwenyewe, akamwelekeza ukutani, mbele ya picha za ngamia. Alimweka pale muda mrefu.

Daktari Ziyad ndiye aliyemgeuza. "La, la, ya ami! Mheshimiwa mama aone chungu chetu!" Akakisukuma kiti mpaka kwenye kabati la kioo katikati ya ukumbi.

Bibi alitazama. Aliinama mbele, akashika mikono ya kiti.

"Ussi!" Sauti ilijaa ukumbi wote, watu waliacha tende zao. "Ussi! Si chungu changu hiki?"

Daktari alitabasamu huku na huku. "Anasemaje?"

"Anamshukuru Mungu," Ussi akasema.

"Masizi yake yako wapi?" Bibi alipiga kelele. "Nani kakisugua? Chungu cha udongo hakisuguliwi nje, masizi ndo nguo yake! Kamvua nguo mama yangu! Nani huyu asojua hata kuosha chungu?"

Mimi nilikuwa nyuma ya kiti. Nilisikia joto likipanda mpaka kwenye nywele. Hala, ambaye si mjinga, hakumwuliza Ussi. Alinigeukia mimi, akauliza kwa Kiingereza, "Metrine, what is she saying?"

Ussi alinitazama. Mkono wake ulikuwa mfukoni, kwenye simu au kwenye Vaselini, sikujua. Akilini nilimwona Fidel akiwa na shati la darasa la tatu. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Ningeweza kulisema kwa lugha tatu.

"She says it's very clean, madam," nikasema.

Watu wakacheka kwa wema. Mmoja akapiga makofi kidogo.

Lakini Bibi hakuwa akitungoja sisi. Kando ya kabati kulikuwa na picha kubwa ya kisima, imepigwa kutoka juu, na chungu kikionekana chini kabisa. Mawe ya mdomo wa kisima yalionekana vizuri, na jiwe moja lililokatika pembe, ambalo kwa miaka kumi na tano alikuwa akiwekea ndoo. Alilitazama jiwe. Akatazama chungu. Akamgeukia mwanawe, akashusha macho mpaka kwenye mikono yake, akayaacha hapo. Niliona midomo yake ikihesabu. Kisha akajifunika kanga usoni, na hakusema neno tena mpaka Jeddah.

Nilidhani amekasirika. Sikuwa nimeelewa, kwa sababu mimi Mkristo wa Kimilili na hayo sikukulia. Usiku wa kurudi nilipokuwa namvua viatu ndipo aliponishika kichwa akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo: "Metrine. Miaka arubaini na kitu n'namlaani mwanangu."

Kwao laana ya mama si maneno tu. Anaweza kuiondoa, lakini ana sharti: mtoto aje kwa kinywa chake, aombe radhi. Asipoomba, mama hana cha kutoa. Neno ni moja, hata mtoto wa miaka saba analijua. Ussi alilijua akiwa melini.

Ijumaa iliyofuata tulikaa mkekani kama kawaida. Bibi akainua mikono. Akawaombea wazazi, akamwombea mumewe. Akasema, "Na Letay, kama yu hai, anisamehe; na kama kafa, Mola amlipe kwa n'lomfanyia." Hilo lilikuwa jipya. Ussi akaitikia, lakini kwa shida. Kisha Bibi akafika pale pa mwisho, pa chungu. Akanyamaza. Mikono ikabaki juu, macho ameyaelekeza kwa mwanawe. Alimpa muda. Mtu angeweza kuchemsha chai.

Ussi akajipaka mafuta. "Amin," akasema, ingawa hakukuwa na kitu cha kuitikiwa.

Ikawa hivyo Ijumaa tatu. Bibi hakula vizuri tena. Mchuzi hakuutaja. Chungu kilikuwa Riyadh na karatasi yake ya karne ya sita, na Hala aliniandikia ujumbe akiuliza kama bibi ana kumbukumbu nyingine za mtaa. Nikaufuta.

Jumanne ya wiki ya nne, Ussi alibonyeza simu yake, ruhusa yangu ikatoka. Nimeitaja siku kwa sababu sitaki mnisifu bure. Ijumaa yake, Bibi aliponyamaza na mikono ikiwa juu, mimi nilitoka mlangoni nilipokuwa nimesimama, nikapiga magoti mbele yake, nikaweka mdomo sikioni mwake.

"Niwie radhi, Bibi," nikapiga kelele, madirisha yakiwa wazi. "Chungu chako ni mimi nilikisugua. Nikajua ni chako, na sikukwambia. Na kule Riyadh waliniuliza ulichosema, nikadanganya."

Alishusha mikono, akaiweka kichwani pangu. Haikuchukua hata dakika.

"N'mekuwia radhi, mwanangu," akasema. "Mkono wako haukufundishwa vyungu. Nenda kamwone mtoto wako."

Ndiyo hivyo tu. Nilibaki pale chini nikishangaa kazi yenyewe ilivyokuwa fupi. Nikamgeukia Ussi. Alikuwa hatua moja kutoka kwetu, ameona yote, ameona mlango ulivyo wazi na jinsi mtu anavyoingia. Bibi naye alikuwa akimtazama, na mkono mmoja ameuacha wazi pajani, kiganja juu.

Midomo ya Ussi ilifunguka. Nje jirani alikuwa akishuka kwenye gari, sauti yake ikasikika dirishani.

Ussi akainuka, akafunga dirisha. Aliporudi kuketi, alikuwa tayari ameshatoa kopo.